Jenereta Ulilomchagulia Mama

Kwako kaka,

Kuna sauti ya chuma kikiburutwa juu ya saruji ambayo haijanitoka masikioni tangu siku uliposhusha lile Dume lako uani kwa Mama. Krrr, kisha kimya, kisha krrr tena, na wewe katikati ya wapakiaji wako wawili wa ghalani, unahema na kucheka. Nilitaka kuanza na salamu kama tulivyofundishwa, lakini sauti hiyo imenitangulia. Basi salamu zije za pili. Hujambo wewe, na wifi, na watoto? Natumaini barua hii imekukuta mzima, na imekukuta umekaa, maana si ya kusomwa mlangoni huku unatafuta funguo za gari. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri na usiku analala. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta, na sitaki uruke mistari.

Naandika kwa kalamu kwa makusudi. Kwenye simu hunishinda kila mara. Nikifika sentensi ya pili umeshasema, sawa Profesa, tutaongea, na sikumbuki siku tuliyoongea. Karatasi haikatwi katikati. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, na utasikiliza hasira, kwa sababu ndiyo niliyonayo. Nimejaribu kuandika barua ya upole nikaichana. Ilikuwa ya uongo.

Nianze na macho ya Mama, yale uliyozoea kuyaita ile shida ndogo. Ulikuwepo daktari alipoeleza. Alisema presha ya macho hula pembeni kwanza, kama pazia linalovutwa kutoka pande zote mbili, na kwamba matone yanachelewesha tu, hayarudishi kilichokwisha kuliwa. Wewe ulitoka nje kupokea simu. Mimi nilibaki, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwona Mama akimshukuru daktari, akikunja cheti chake, akauliza kama matone hayo yanaweza kusafiri. Daktari akamwambia yanaweza, ila chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye baridi. Garini Mama hakulia. Alisema amefundisha jiografia maisha yake yote, amechora ukingo wa miamba, jangwa na uwanda wa chumvi kwa chaki za rangi mbele ya watoto wa watu, na hajawahi kuona hata kimoja kwa macho yake. Akasema anataka kuviona vingali vipana.

Hakuomba kitu kigumu. Konokono lilikuwa pale uani. Wewe mwenyewe ndiye uliyelipa jina hilo Baba alipong'oa viti vya lile basi bovu la wafanyakazi, akaweka vitanda viwili, sinki, na kabati ambalo mpaka leo halikubali kufungwa. Ulisema mzee sasa atatembea na nyumba mgongoni. Hakutembea nayo. Alifika nayo mji wa jirani akarudi, kisha akafa. Lakini aliniachia mimi kuliendesha. Alinifundisha katika uwanja wa ghala siku za mapumziko, na ulikuwa ukisimama kando ukipiga kelele kwamba nitabomoa ukuta. Sijawahi kubomoa ukuta.

Kilichokosekana ni umeme. Betri ya Baba chini ya kitanda inatosha taa na pampu ya maji, lakini friji huimaliza kabla hakujapambazuka, na friji ndiyo dawa, na dawa ndiyo macho. Fundi alikataa kutoboa paa ili aweke paneli za sola, akasema bati limeliwa na kutu na hataki tumlaumu mvua ikiingia. Ikabaki jenereta.

Nilifanya kazi niliyosomea. Wewe hupenda kusema maabara ya maji ni mahali pa kuangalia maji yakikaa kwenye glasi, lakini huko ndiko nilikojifunza kutokukisia kitu kinachopimika. Niliazima kipimo kazini. Nikapima friji, na ule mshtuko wake inapoanza kuzunguka. Nikapima feni, pampu, chaja za simu, na ile taa kali ambayo Mama hawezi tena kusoma bila hiyo. Vyote kwa pamoja, vikiwashwa kwa mkupuo, havifiki pasi moja ya nguo. Ndipo nikaenda dukani.

Muuzaji unamjua. Yule mama mnene mwenye miwani inayoning'inia shingoni, anayeongea na wateja huku anakula karanga. Hakunionyesha kitu mpaka aliponiuliza nitawasha nini, nitaliweka wapi, na nani atalibeba. Akacheka akasema wanaume humjibu la kwanza kwa urefu sana, na la tatu huliona la matusi. Kisha akanitolea lile dogo, lililofunikwa mwili mzima kama sanduku la safari, lenye mpini juu. Akavuta kamba, likawaka, na akaendelea kunieleza kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo. Injini yake hupunguza mwendo yenyewe ukiwa na mzigo mdogo, kwa hiyo halili petroli bure, na umeme wake umetulia, haupandi na kushuka hadi kuunguza friji. Akanionya kwamba jenereta haliwekwi ndani ya gari, wala chini yake, wala karibu na dirisha. Libebwe mbali, bomba la moshi lielekee kule upepo unakokwenda, na umeme uje kwa waya mrefu. Moshi ule unaweza kumlaza mtu usingizini asiamke, na hautamgongea mlango kwanza. Ndiyo maana nauliza nani atalibeba, alisema, kwa sababu usiloweza kulipeleka mbali utaliweka karibu. Nikalibeba hadi barabarani nikalirudisha. Mkono uliniuma kidogo. Nikajiona nimeshafika kwenye chumvi.

Nilipokupigia ulisema hilo si jenereta, hilo ni redio. Kisha ukasema Baba angelinyanyua akacheka.

Hapo ndipo uliponinyamazisha, na ulijua nitanyamaza. Watu wa nje hawawezi kuelewa nyumba yetu. Hawakumwona Baba, mpima mizani wa ghala, akiingia dukani kununua sufuria, akiinyanyua kwa mkono wa kushoto, macho amefumba, na duka zima linamsubiri, mpaka atamke kwamba hii ina mtu ndani au hii hewa tupu. Kufuli, kiti, shoka, sare zetu za shule, vyote vilinyanyuliwa. Wifi alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, Baba alimbebea sanduku lake chumbani, akarudi sebuleni akatutangazia kwamba huyu amekuja kukaa. Tulicheka mpaka wifi naye akacheka. Mimi mwenyewe bado nanyanyua vitabu kabla ya kuvinunua. Kwa hiyo ulipolitaja jina la Baba, Mama alitabasamu, na mimi na vipimo vyangu tukawa kama mtu anayebishana na marehemu. Ulisema nikuachie, utachagua wewe.

Ukachagua Dume. Jina ulilipa wewe, ukiwa umelipanda kama farasi ili watoto wako wakupige picha. Mabomba mekundu, injini wazi, tangi la petroli la kutosha kuoga. Linaweza kuendesha karakana ya kuchomelea. Ulimwambia Mama kwamba sasa ana umeme wa hospitali nzima. Mama alishika kona yake kwa mkono wa kushoto, akajaribu, halikutikisika, akasema kwa adabu yake kwamba kweli hili lina mtu ndani. Ulifurahi. Sasa najua ulichofurahia, lakini siku ile nilidhani ni sifa tu.

Safari ya kwanza tulikwenda wote, pale kwenye bwawa, kambi iliyo karibu kuliko zote kwa sababu ulikuwa unawahi kazini. Mimi na wewe tuliliteremsha Dume kwa ubao, na lilipofika mwisho wa ubao ndipo lilipokomea. Hatukuweza kulisogeza hatua moja zaidi kwenye zile kokoto. Likabaki chini ya dirisha la Mama. Nilikuambia. Ulisema tufunge dirisha, kwani kiyoyozi kipo. Kiyoyozi ulikuwa umekifunga wewe garini, hakuna aliyekuomba. Ukawasha na televisheni, kwa sababu kulikuwa na mechi, na sauti ukaipandisha ili ishinde Dume, na Dume likaguruma zaidi ili liendeshe hivyo vyote, mkawa mnashindana nyie wawili jioni nzima.

Unamkumbuka yule mzee wa hema la jirani? Alikuja na mkewe nyuma yake, amevaa kofia ya sufu, ametabasamu tangu mbali ili usimdhanie vibaya. Alilazimika kukupigia kelele sikioni ili akuombe upunguze kelele. Ulimwambia karibu mzee, tuangalie mpira. Alikutazama kwa muda, akageuka, wakaanza kukunja viti vyao. Mkewe alikuwa amebeba bilauri mbili na hakujua aziweke wapi. Nakumbuka bilauri hizo kuliko mechi yako.

Mama nilimkuta chini kabisa, kwenye jiwe, amejifunga mtandio masikioni. Aliniambia amekaa karibu na maji kiasi hiki na hayasikii. Nilipomrudisha ndani alisema kichwa kinamgonga. Baadaye alitapika kwenye lile sinki la Baba. Wewe ukasema ni mayai tuliyonunua njiani. Nilitoka nikazima Dume na kufungua kila kidirisha, na ulinifuata nje, ukaniambia naharibu safari ya watu, Profesa na moshi wake. Hukuwa mkali. Ulinipiga bega. Mtu akinikasirikia naweza kumjibu, lakini wewe hunipiga bega, na mimi hubaki nimeshika maneno yangu kama yule mama na bilauri zake. Asubuhi Mama alikuwa mzima, kwa hiyo ukahesabu kwamba ulikuwa sahihi. Tukarudi nyumbani, kwani ulikuwa unawahi kazini.

Baada ya hapo ulituahidi kitoroli. Utachonga kitoroli chenye magurudumu, Dume litembee lenyewe kama bwana harusi. Tulikisubiri. Ikawa mzigo umeingia ghalani, ikawa wageni wa wifi, ikawa mvua, ikawa mtoto ana homa, ikawa hesabu za mwisho wa mwaka. Sikatai kwamba vyote hivyo vilikuwepo. Nasema tu kwamba Mama alifunga begi lake akalifungua, akalifunga tena akalifungua, na mara ya mwisho alilirudisha juu ya kabati likiwa na nguo ndani, kwa sababu alichoka kuzikunja. Nilipokuambia tutakwenda mimi na yeye, uliniuliza nani atalishusha Dume huko. Uliniuliza hivyo kila mara, kwa maneno yale yale, kama mtu anayeweka karata ya mwisho mezani. Siku moja Mama akiwa kliniki na jirani, nilijaribu kulishusha kwa ubao na kamba, peke yangu, uani. Wifi alinikuta nimekaa chini, mgongo umekatika, siwezi kusimama. Jioni ulipiga simu. Ulisema Dume limekushinda, mdogo wangu, na nyuma yako nilisikia watu wa ghalani wakicheka.

Wakati wote huo pazia lilikuwa linavutwa. Hukuliona kwa sababu ukija hukaa mbele ya Mama, na mbele bado anaona. Mimi nilimwona akimimina chai kando ya kikombe. Nilimwona akimpita wifi mlangoni bila kumsalimia, na wifi akaenda kukuambia kwamba mama yako amenuna, hali Mama hakumwona kabisa, alikuwa upande wa kushoto. Jioni moja tunaingia nyumbani aliniuliza kama geti limepakwa rangi mpya. Halikuwa limepakwa. Nikasema ndiyo, kidogo, kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie. Kliniki ya mwisho daktari alilinganisha picha mbili, akazirudia tena. Nilikutumia ujumbe. Ulijibu, pole sana, tutampeleka mwezi ujao.

Ndipo niliporudi dukani kuuliza kama wanabadilishana.

Sasa soma polepole, kaka, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mstari wa kwanza. Yule mama aliponiona, na kusikia ni jenereta gani, alivua miwani. Alisema anakukumbuka vizuri, kwa sababu siku ile alikuuzia huku roho yake haitaki. Alisema ulikuja peke yako kabla ya siku uliyokuja na wapakiaji. Ukakaa kwenye kile kiti cha plastiki ukamwuliza yale yale niliyomwuliza mimi, na alipokutolea lile dogo ulilisikiliza, ukauliza maswali mazuri, ukasema hili ndilo hasa linalomfaa mama yangu. Ukalinyanyua kwa mkono wa kushoto. Ukalipeleka mpaka mlangoni ukalirudisha. Ukaliweka chini, na ukamwambia kwamba hili dada yangu atalibeba. Alidhani unasifu. Kumbe ulikuwa unalitia ila. Ukaomba akuonyeshe lile ambalo mwanamke hawezi kulishusha peke yake. Akadhani unaogopa wezi, akakuambia kuna minyororo. Ukacheka, ukamwambia hapana mama, nataka lisilotoka bila mimi.

Nilishika ukingo wa meza yake. Alinisogezea karanga, maskini, hakuwa na kingine cha kunipa.

Kwa hiyo haikuwa ujinga. Muda wote huo nilikusamehe kwa sababu nilidhani hujui kuchagua, nilidhani ni uzito wa Baba umekukaa kichwani kama ulivyotukaa sote. Kumbe ulijua kuliko mimi. Ulijua moshi utakaa wapi. Ulijua kokoto. Uliponiuliza nani atalishusha, hukuwa unauliza. Ulikuwa unatikisa funguo mfukoni. Na ulimtumia Baba, kaka. Baba alinyanyua vitu ili asimnunulie mtu hewa. Hakuwahi kunyanyua kitu ili apate cha kumfungia mkewe.

Nilifikiri nitamficha Mama. Nilifika nyumbani nimepanga uso wangu, nikamkuta anafuta vumbi rafu ya vitabu vyake kwa kupapasa. Akaniuliza bila kugeuka nimeambiwa nini. Nikamwambia yote, hata kile kicheko chako. Aligeuka, kitambaa mkononi. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba kabla Dume halijaja, ulikaa jikoni kwake ukamwomba asiende popote na mimi peke yetu, na yeye alikujibu kwamba atakwenda. Alikujibu kwa upole, akakumiminia na chai. Basi ulikuwa umeshajibiwa. Ulimwuliza mtu mzima, mwenye akili zake, akakupa jibu usilolipenda, ukaenda dukani kujinunulia lingine.

Nilimsubiri aseme mwache, anatupenda. Ndivyo asemavyo siku zote juu yako. Alikunja kile kitambaa akaniuliza duka hilo hufungwa saa ngapi.

Sidhani kama wewe ni mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Nakumbuka Baba alivyoanguka uani wewe ukiwa ghalani, na ulivyofika ukiwa umevaa kiatu kimoja, na kwamba tangu siku ile hupiga simu usiku kuuliza kama tumefunga milango. Najua ni woga. Mimi pia ninao. Barabarani huwa nawaza gurudumu, breki, Mama kuteleza kwenye ngazi. Ungekuja ukaniambia unaogopa, ningekaa nawe tukaogopa pamoja, na pengine ningekubali uje kila safari na televisheni yako. Lakini ulichukua woga wako ukautengenezea chuma, ukauweka chini ya dirisha la mgonjwa, ukaupa jina, ukatufanya tukushukuru. Na macho yake yaliyokwenda katika kukusubiri hayarudi. Daktari alisema hayarudishiki. Ulikuwa nje, kwenye simu.

Haya, sasa habari yenyewe. Usitafute Dume uani, halipo. Wanaume wa duka walikuja kulibeba, na yule mama alilipokea kama jipya, maana ni kama jipya, limefanya kazi jioni moja tu. Tulichukua lile dogo. Kiyoyozi chako nimekifungua, kiko kwenu barazani chini ya turubai. Wifi alijua. Alitupa blanketi zito na kutuambia tuende kabla hujarudi kutoka kazini, na nakuomba usimseme kwa hilo. Ndiye mtu pekee katika nyumba yenu aliyemwuliza Mama anataka kuona nini. Kazini nimechukua likizo yangu yote niliyokuwa nikiilimbikiza. Kwa hiyo siku uliyopiga simu ya nyumbani na hakuna aliyepokea, ukadhani tuko kliniki, sisi tulikuwa tumeshavuka daraja.

Kila alasiri nalibeba jenereta hadi nyuma ya vichaka, naangalia majani yanaelekea wapi, nalielekeza bomba huko, narudi na waya. Nikilizima, friji hukaa na baridi yake kwanza, kisha betri huishikilia hadi kupambazuke. Chupa za matone ziko sawa. Mama hukaa nje nami humsomea gazeti la juzi, na hunisahihisha ninavyotamka majina ya miji.

Uwanda wa chumvi tuliufikia asubuhi. Nilimshika mkono kuteremka ngazi, akauachia alipofika chini. Hakuna cha kujikwaa pale, kaka, ni weupe tu mpaka mwisho. Alisimama akitazama mbele. Nikamwona anageuka kidogo, anasimama tena, anatazama, anageuka kidogo tena. Sikuelewa anafanya nini. Kisha nikaelewa kwamba pande hazimfikii, kwa hiyo alikuwa anauchukua kipande kwa kipande, na alijizungusha hivyo bila haraka mpaka akaumaliza wote. Aliponirudia alisema miaka yote hiyo alikuwa anauchora mdogo. Halafu akasema angalau vipande viwili vya mwisho alivikisia.

Alivikisia. Mwaka jana asingekisia. Hilo nitakusamehe siku moja, lakini sijui ni siku gani, na usinipige bega.

Wasalimie watoto, na wifi msalimie sana, mwambie blanketi linafanya kazi. Yule mzee wa kofia ya sufu ukimwona tena popote, mwombe radhi. Mama nilimwuliza kama ana salamu za kukutumia. Nilimwuliza mara ya pili baada ya chakula. Alisema atakuandikia mwenyewe kwa mkono wake akiwa tayari, na kwamba hajawa tayari.

Barua hii naipeleka posta ya mji mdogo ulioko kwenye njia panda. Nilimwahidi wifi kwamba hapo ndipo tutakapogeuza kurudi nyumbani. Mama aliniuliza barabara nyingine inakwenda wapi, nikamwambia kwenye ukingo wa miamba, siku nzima ya mwendo. Tumejaza petroli, ya gari na ya jenereta, na kona ya kurudi nyumbani tumeshaipita.

Ni mimi, mdogo wako.